Rupia Iliyommeza Ng'ombe wa Kaniha

Wana Kirushya wenzangu, leo nina hasira na sitaificha. Nina hasira na Fideli Manirakiza, jirani yangu. Nina hasira nanyi mliokuwa mkimuuzia vyuma vyenu na kucheka. Na nina hasira na mimi mwenyewe Bartholomayo, katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, maana nami nilimuuzia na nilicheka. Basi sikilizeni hadi mwisho, hata wale ambao habari hii inawachoma.

Mnaifahamu nyumba ya Fideli, ile ya bati jipya chini ya mteremko, migomba imeizunguka pande tatu. Mwaka jana wakati kama huu ilikuwa nyumba ya kuonea wivu. Jioni ungemkuta mke wake Scola ameketi kwenye kigoda anamkamua Gaju, ng'ombe wao wa rangi ya udongo mwekundu. Binti yao mdogo Uwimana husimama pembeni na kikombe chake cha plastiki, akisubiri povu. Fideli naye yuko kibarazani, kopo la maziwa ya unga mapajani, anazitoa sarafu zake moja moja na kuzipanga juu ya mkeka. Ukipita utaitwa, utapewa maziwa, na utasimuliwa habari za Mjerumani.

Ni lazima niseme ukweli: alikuwa anajua kusimulia. Alianza siku moja alipokuwa anachimba shimo la mgomba, jembe likagonga kipande cha shaba chenye maandishi ya Kijerumani. Tangu siku hiyo hakutulia. Aliokota, akaomba, kisha akaanza kununua. Senti zenye tundu za enzi ya Mwingereza, faranga za Mbelgiji, faranga zilizoachwa na wakimbizi waliopita hapa mwaka wa tisini na nne. Kila moja aliifunga kwa kipande cha karatasi ya daftari na kuandika mwaka na mahali ilipotoka. Ungemsikia akisema, "Katibu, hii ilipita Kabanga kabla baba yako hajazaliwa," nawe ungejikuta umekaa saa nzima.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na hadithi. Mtu kuwa na kitu cha kumfurahisha moyo si dhambi. Lakini Fideli alipata simu ya kuperuzi, na ndani ya simu aliona sarafu moja ya kale imeuzwa Ulaya kwa bei ya kujenga nyumba. Kuanzia hapo hakuziita tena sarafu. Aliziita uwekezaji.

Maharage yakiuzwa, nusu inakwenda kwenye "uwekezaji". Scola akiomba dawa ya kuoshea kupe, anaambiwa asubiri, "mtaji umelala kwenye kopo." Nasi majirani tulifanya nini? Tulipekua masanduku ya bibi zetu! Kila mwenye chuma chenye kutu alikimbilia kwa Fideli. Mimi nilimpelekea senti kumi yenye tundu ambayo marehemu mama yangu alikuwa ameifunga kwenye rozari yake. Nilimuuzia kwa bei ya kilo moja ya sukari. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, kwamba nimempata mjinga.

Sasa nieleze habari ya huyo Gaju, maana asiyeijua hataona ubaya wa yaliyofuata.

Gaju hakununuliwa. Alitolewa na Mzee Bigirimana wa Kaniha, kule Biharamulo. Mke wa mzee huyo, marehemu Nyirabahizi, alilazwa hospitali ya huku kwetu miezi miwili, na ndugu zake walikuwa mbali. Scola alikuwa amempeleka mtoto kliniki, akamwona mama mgonjwa hana wa kumletea hata uji. Hawakuwa ndugu, hawakuwa wanajuana. Kwa miezi miwili Scola alibeba chupa ya uji kila asubuhi mpaka yule mama alipofariki. Baada ya matanga, Mzee Bigirimana alikuja na mtamba, akamfunga kwenye kigingi cha Fideli, akasema, "Tangu leo sisi ni watu wa nyumba moja."

Sisi ambao wazee wetu walitoka Rwanda na Burundi tunajua maana yake. Ng'ombe wa namna hiyo hauzwi bila mtoaji kuambiwa. Ndama jike wa kwanza hurudi kwa aliyetoa, halafu siku moja naye atatoa tena, na undugu unaendelea hivyo, mara kwako mara kwangu. Gaju alizaa kwanza dume. Mwaka jana akapata mimba ya pili, bwana mifugo akapima na kusema ina miezi minne. Scola alimpigia mzee simu siku hiyo hiyo, na mzee akasema atakuja kiangazi kumwona.

Basi ikaja ile semina ya kikundi chetu. Mnakumbuka, mwezeshaji alichora mstari kwa kijiti katika uwanja wa shule, akatuambia kila mmoja alete kitu kutoka nyumbani. Kulia tuweke uwekezaji, kushoto matumizi. Mmoja alileta jogoo, mwingine kitenge, mwingine chupa tupu ya pombe, tukacheka. Fideli akaja na kopo lake, akaliweka kulia kwa madaha.

Mimi kwa mdomo wangu huu nikauliza, "Baba Uwimana, hilo kopo linataga?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Chekeni," alijibu Fideli. "Jogoo atakufa kwa kideri. Hizi zinapanda bei hata nikilala."

"Zinapanda kwa nani? Nani ameshakuja kununua hata moja?" nikauliza tena.

Kabla hajajibu, Scola aliinuka taratibu. Alichukua lile kopo, akalivusha mstari, akaliweka kushoto, karibu na chupa ya pombe. Kisha akarudi kukaa.

Ndugu zangu, tulicheka mpaka machozi. Fideli alitazama chini. "Mama Uwimana, mbele za watu?" ndilo jambo pekee alilosema. Akachukua kopo lake akaondoka, na hakuna aliyemfuata. Laiti ningemfuata! Mwanamume akichekwa na mkewe na kijiji kizima kwa pamoja, hatafuti tena ukweli, anatafuta ushindi.

Huko nyuma, alipokwenda msibani Bisibo, Fideli alikuwa ameonyeshwa sarafu na mama mmoja mjane aitwaye Dafroza. Ilikuwa sarafu moja ya fedha, ya rupia mbili, ya Mjerumani, upande mmoja mfalme wao amevaa kofia ya chuma, upande wa pili simba na mnazi. Dafroza alisema mumewe alimwachia agizo kwamba isitoke kwa chini ya bei ya ng'ombe. Fideli alirudi mikono mitupu, lakini moyo wake aliuacha Bisibo. Sasa baada ya kuchekwa akaikumbuka.

Jumatatu iliyofuata Scola alikwenda kupalilia maharage shamba la mbali. Jioni alirudi na mzigo wa majani kichwani. Kwenye kigingi alikuta kamba tu. Uwimana alikuwa amekaa karibu na ile kamba na kikombe chake, anasubiri.

Fideli alirudi Jumanne mchana. Nilikuwepo, kwa sababu Scola alikuwa ameniita, akidhani ng'ombe ameibwa. Fideli aliingia anatabasamu, akafungua kitambaa kidogo mbele yetu, ndani imo ile rupia ya Dafroza.

"Mama Uwimana, tazama. Hii ndiyo benki yetu. Hata wewe Katibu tazama, uache kejeli."

"Gaju yuko wapi?" Scola akauliza.

"Gaju ni huyu hapa. Nimembadilisha tu. Ng'ombe anaugua, anakufa. Huyu hafi."

"Na mimba?"

Fideli akakikunja kitambaa. Naapa, nilimwona usoni kwamba hilo hakuwa amelifikiria kabisa.

"Mimba yenyewe bado ndogo. Nitamnunulia mzee ndama mwingine. Nitamnunulia hata watatu!"

"Yule ndama si wako hata umuuze!" Scola alipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Umemuuza mtoto wa mtu akiwa tumboni, Baba Uwimana!"

Jioni ile mimi na Scola tulikwenda mnadani, Fideli alikomuuzia Gaju. Aliyemnunua Gaju ni mfanyabiashara wa Kisukuma, Nyanda, mtu mwenye sauti kubwa lakini roho safi. Tulimkuta kwenye zizi lake, na Gaju alipomsikia Scola aligeuza kichwa. Tulimweleza yote.

"Mimi sikuambiwa habari ya mimba ya mtu," Nyanda alisema. "Kwetu nako ng'ombe si nyama tu, mama, naelewa. Nileteeni pesa yangu ileile, sitaki faida hata shilingi. Ila lori langu linaondoka Alhamisi asubuhi. Siwezi kulizuia kwa ajili ya ng'ombe mmoja."

Kikundi chetu kilikuwa kimegawana fedha mwezi uliopita, sanduku lilikuwa tupu. Dafroza alikuwa ameshalipia karo za watoto wake kwa hela aliyolipwa na Fideli. Ilibaki njia moja tu, kuiuza rupia. Kwa bahati nzuri, Nyanda alimjua mtu: Mzee Ndassa, aliyekuwa karani wa posta na sasa amestaafu pale Biharamulo mjini. Alisema huyo ni mwenye ugonjwa kama wa Fideli, tena hununua.

Jumatano alfajiri tulipanda gari, Fideli, Scola na mimi. Fideli alikubali kuja haraka mno, hata nikashangaa. Baadaye ndipo nilielewa: hakuwa anakwenda kuuza, alikuwa anakwenda kusifiwa.

Tulimwamkia Ndassa, akatuitikia marahaba, akavaa miwani na kumimina kopo lote mezani. Alitenga, akatenga, akasukuma rundo kubwa pembeni. "Hizi mpe mtoto achezee. Ziko maelfu kwa maelfu, hakuna anayezitafuta." Ndani ya rundo hilo niliiona senti ya mama yangu. Kisha akaishika rupia. Aliipima kwa mzani mdogo, akaisogeza kwenye lenzi.

"Hii ni ya kweli," akasema. "Haijasuguliwa, haijatobolewa. Nakupa bei ya ng'ombe, na nusu juu yake. Leo, mkononi."

Nilitaka kupiga kelele za furaha. Gaju alikuwa amerudi! Gaju na ndama wake, na chenji ya dawa ya kupe! Scola alishika kifua akasema, "Mungu mkubwa."

Fideli aliinyakua ile rupia kutoka mezani.

"Kama wewe mnunuzi unatoa hiyo, basi thamani yake ni kubwa zaidi."

"Inawezekana," Ndassa akakubali. "Mjini, kwa mtu anayeitaka hasa, baada ya mwaka au miaka mitano. Ukimpata. Mimi nasema ninachotoa leo."

"Basi siuzi. Mwakani itakuwa mara mbili."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiganja chake. Scola akasogea, akazungumza polepole, bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Baba Uwimana, uliniambia hii ni benki yetu. Mimi leo nimekuja benki. Nimekuja kutoa. Lori linaondoka kesho."

Fideli alifumba kiganja. Naamini alijaribu kukifungua, naamini kabisa, lakini mkono haukumtii.

"Siwezi," akasema.

Ndassa alivua miwani. "Bwana, ngoja nikwambie kitu. Mimi ninazo mia tatu ndani na sijawahi kuuza hata moja ninayoipenda. Lakini sikuwahi kumwambia mke wangu kwamba nawekeza. Nilimwambia, hii ni sigara yangu. Na nilianza watoto wote walipomaliza shule. Wewe umechukua chakula cha nyumba ukanunulia sigara."

Tulirudi Kirushya. Alhamisi asubuhi lori la Nyanda lilipita barabara kuu. Scola alisimama kando, akatazama mpaka vumbi likatua.

Kiangazi kilifika, na Mzee Bigirimana akafika nacho, amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi. Hakuna aliyekuwa amepata ujasiri wa kumpigia simu. Mimi niliitwa niwe shahidi, na Fideli alikuwa amekaa pembeni kama mtu anayesubiri hukumu.

"Amahoro kwenye nyumba hii," mzee akasalimu mlangoni.

"Shikamoo, baba," Scola akajibu.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mjukuu mbona amekonda?"

Scola aliinuka. Aliingia jikoni, akatoka na kikombe kwenye sahani, akamwekea mzee mbele. Ilikuwa chai ya rangi.

Nyumba aliyoipa ng'ombe, ilimkaribisha kwa chai ya rangi. Mzee alikitazama kile kikombe. Alitazama uani kwenye kigingi. Wala hakuuliza. Alikinyanyua akanywa, funda moja moja, mpaka tone la mwisho. Kisha akakiweka chini.

"Baba, nisamehe, nilijaribu..." Scola alianza.

Mzee alimzuia kwa mkono. "Najua, mwanangu. Wewe una moyo, nimeuona tangu hospitali. Nyirabahizi alikunywa uji wako, mimi nimekunywa chai yako. Tumelipana."

Akachukua fimbo yake akaenda zake.

Wageni wa huku mnaweza kudhani alimsamehe. Hapana. Kwetu sisi, watu wa nyumba moja hawalipani kamwe. Siku zote mmoja anabaki na kitu cha mwenzake, ndiyo maana wanaendelea kutembeleana. Mtu akikwambia "tumelipana," amefunga mlango na kuondoka na ufunguo. Scola alijua. Siku ile alilia, yeye ambaye hata lori lilipopita alitazama tu.

Ndipo mkono wa Fideli ulipofunguka! Wiki ileile alikwenda kwa Ndassa akaiuza rupia, na Ndassa, mtu mwaminifu, akampa bei ileile aliyoitaja. Alinunua mtamba mzuri kuliko Gaju, akabakiza na hela mfukoni, akampeleka Kaniha. Mzee alimpokea, akampa maji ya kunywa, akamsikiliza. Halafu akamwambia, "Mrudishe kwa Scola, mtoto anywe maziwa. Mimi nilikuwa namsubiri ndama wa Gaju. Huyu ni wa sokoni."

Fideli alirudi na mtamba wake, njia yote ile.

Sasa wapo wenzetu wanaoniambia, "Katibu, mbona kihesabu Fideli alipata faida? Aliuza ng'ombe mmoja, akapata ng'ombe na nusu." Nikisikia hivyo nashikwa na hasira upya. Faida ya nini? Mzee Bigirimana hajakanyaga tena Kirushya. Scola anamkamua yule ng'ombe mpya kila jioni, Uwimana ananenepa, namshukuru Mungu. Lakini Scola, aliyekuwa akimwimbia Gaju kwa jina, hajampa huyu jina mpaka leo.

FUNZO

Kukusanya sarafu ni uwekezaji au ni matumizi? Mwezeshaji alirudi mwezi uliopita, akachora mstari wake, na Fideli mwenyewe aliliweka kopo lake kushoto bila kuambiwa. Hakuna aliyecheka. Mimi nimefikiri sana, na jibu langu ni hili.

Kitu cha kukupendeza ni matumizi, na kipewe jina lake. Kinunue kwa hela ya starehe yako, kidogo, baada ya nyumba kula, na hakuna atakayekulaumu. Ukikiita uwekezaji ili upate ruhusa ya kuchukua cha watoto, umemdanganya mkeo, na umejidanganya wewe kwanza. Kabla ya kununua jiulize mnunuzi wake yuko wapi, na uuulize moyo wako kama siku ya shida utaweza kukiachia. Kama mkono hautafunguka, hiyo si akiba. Na usiuze kisicho chako. Ng'ombe wa undugu hana bei, hata ukipata faida juu yake umepata hasara.

Nanyi majirani, funzo lenu ni fupi. Mwenzako akipotea, usimuuzie njia wala usimcheke uwanjani. Mfuate nyumbani ukaseme naye.

Nilikwenda kwa Fideli nikiwa na bei ya kilo ya sukari, nikamwomba anirudishie senti ya mama yangu. Alifungua kopo, akaitoa kwenye karatasi yake, akanipa. Pesa yangu aliikataa. Niliisoma ile karatasi nikiwa njiani. Alikuwa ameandika mwaka, na chini yake: "Ya mama yake Bartholomayo. Isiuzwe, ataihitaji."